Uso uliooshwa kwa sabuni

Saa mbili asubuhi, foleni ya mashine ya kusaga imeshapinda kona. Wanawake kumi na saba wamesimama na ndoo, mabeseni na mifuko, vumbi la unga limewakaa kwenye kope. Wa kumi na nane hana ndoo. Amekaa juu ya tofali, daftari gotini, na anamkodolea macho mwanamke aliye mbele yake bila hata kuona haya.

"Wewe mama, unaniangalia nini?" anauliza mwenye ndoo ya kijani.

"Taya."

"Unasemaje?"

"Taya lako. Tafadhali usitabasamu, utaliharibu. Endelea kukasirika."

Ndoo ya kijani inawekwa chini taratibu, na kwa muda mfupi hapa panaelekea kuchimbika. Bahati nzuri anatokea mwanamume mmoja aliyenyoosha shati lake vizuri, anapenya mpaka mbele ya foleni akisema anaulizia tu. Mwenye ndoo anamgeukia. Anabana meno, na taya linatuna kidogo upande wa kushoto. Mkono wa mchoraji unakimbia juu ya karatasi.

"Asante sana baba kwa kukosa adabu," anamwambia yule mwanamume, anafunga daftari na kuondoka zake.

Mtaani wanamwita Bi Mkaa. Ana miaka hamsini na sita, na kwa miaka thelathini na mmoja kazi yake imekuwa kuchora sura za watu kwa mkaa anaouchoma mwenyewe: vijiti vilivyofungiwa ndani ya kopo la maziwa na kusahauliwa jikoni. Jina lenyewe limekuwa adhabu. Kila wiki kuna mtu anagonga mlango kuulizia gunia.

"Nimeandika mlangoni, kwa herufi kubwa, HAPA HAUUZWI MKAA," anasema. "Mtu anasoma, anamaliza, halafu anagonga aniulize sasa unauzwa wapi. Mtu kama huyo umfanyeje, jamani?"

Chumba chake cha kazi kiko nyuma ya duka la mshona nguo, na kina dirisha moja. Chini ya dirisha kuna meza ambayo mgeni anaweza kudhani ni ya kutupia takataka: vipande vya magome, jani la mgomba lililokauka, donge la tope lililopasuka, mbegu za papai kwenye kisosi. Mwandishi wa makala haya alifanya kosa la kusogeza lile jani ili aweke kikombe. Alikaripiwa kama mtoto.

"Hilo ni shavu la bibi wa miaka themanini!" alifoka Bi Mkaa, kisha akaeleza, bado amekasirika. Mikunjo ya uso haikai ovyo, inafuata njia, na ukitaka kujua njia hizo uangalie jinsi jani linavyonyauka au maji yanavyojichimbia udongo. Mbegu za papai zinamfundisha mng'ao wa jicho. Kila kitu kiko nje, bure, na watu wanakikanyaga.

Wateja hawalitaki hilo jani. Wanataka ngozi laini. "Ananiletea picha ya simu, uso umelainishwa mpaka pua imepotea. Ananiambia, mama, nichore hivihivi. Nichore nini hapo? Yai?" Kwa mwezi huchora sura nne, tano ukiwa mwezi mzuri, na kila moja huletewa marekebisho. Niondolee kidevu cha pili. Nipunguzie umri. Mmoja aliomba aongezewe shingo. "Wanaona mkaa tu, wanadhani ni kupaka. Usione vyaelea, vimeundwa."

Ndiyo maana Bi Mkaa huenda kusaka sura mahali watu wanapongoja: kwenye bomba la maji, zahanati, mashine ya kusaga. Anasema mtu akijua anatazamwa anavaa uso wa Jumapili, lakini akingoja nusu saa anachoka kuuvaa, na hapo ndipo anaonekana. Ameshafukuzwa na walinzi mara zisizo na idadi. Zahanati moja ilimpa kadi ya mgonjwa kwa nguvu, wakampima na joto.

Taya la leo asubuhi lina haraka yake. Ni la mwanamke aliyefariki miaka thelathini na minne iliyopita.

Miezi minne iliyopita alikuja nesi mmoja, kitindamimba wa watoto watano, akiwa na picha kwenye bahasha. Ilionyesha mwanamke amekaa kitini, gauni la maua, mikono juu ya pochi, viatu vimepangwa sawasawa. Kuanzia shingoni kwenda juu hapakuwa na kitu. Palikuwa peupe.

"Nikamuuliza, mwanangu, panya hawa au nini? Akasema, hapana, ni kaka."

Kaka mkubwa sasa ni fundi bomba. Mwaka ule wa msiba alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, na aliona ukungu umeingia kwenye picha pekee ya mama yao. Akaitoa kwenye fremu, akaitia kwenye beseni la maji ya moto, akaisugua kwa sabuni ya kufulia na brashi, kisha akaianika kambani kwa kibanio, kati ya soksi na mashuka. Alianza na uso kwa sababu ndio alioutaka zaidi. Alipofika shingoni akashtuka.

"Nilikuwa nataka ang'ae," fundi bomba aliniambia, na hakutaka kuliongea tena.

Nesi aliachwa na mama yake akiwa na siku arobaini. Hajawahi kuiona sura yake, hata mara moja. Na mtu pekee anayeweza kusema kwa uhakika kwamba sura fulani ndiyo yenyewe ni dada wa marehemu, yaani mama mkubwa wao, mwenye miaka sabini na minane, aliyewalea wote. Presha ya macho imeshamla jicho moja. La pili linaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, na tundu lenyewe linazidi kuziba. Daktari aliwaambia wahesabu miezi, wasihesabu miaka. Likifunga hilo, hakutakuwa na mtu wa kukagua. Nesi atachorewa mwanamke yeyote, na hatajua.

Basi Bi Mkaa akafanya kosa ambalo anasema kwa umri wake ni la aibu: akawaita watoto wote na kuwauliza mama yao alikuwaje. Mwalimu, ambaye ni wa pili kuzaliwa, alisema pua ilikuwa nyembamba. Mwalimu ana pua nyembamba. Fundi bomba alisema paji la uso lilikuwa pana, na juu ya lake unaweza kuegesha baiskeli. Wawili wa katikati wakagombania masikio.

"Kila mmoja alikuwa ananielezea uso wake! Manahodha wengi, chombo huenda mrama, nami nilikuwa nao wanne. Yule wa tano, mwenye shida yake, amekaa kimya kwa sababu hana la kukumbuka."

Mchoro wa kwanza ulipelekwa kwa mama mkubwa. Akauweka kwenye jicho, akauzungusha kidogo kidogo.

"Si yeye."

"Kasoro iko wapi, mama?"

"Si yeye tu."

Wa pili, si yeye. Wa tatu Bi Mkaa alikubali shinikizo la fundi bomba, akaweka tabasamu, hereni na nuru nyuma ya kichwa. Mama mkubwa aliuliza huyu ni malaika wa kanisa gani. Bi Mkaa alirudi chumbani kwake, akavunja vijiti vyote vya mkaa vilivyokuwa mezani, kisha ikabidi achome vingine.

"Nilitaka kuwarudishia picha yao," anasema. "Nilishafika hapa," na anaonyesha kooni. "Halafu namfikiria yule nesi anavyokuja baada ya zamu, miguu imevimba, anakaa pale, haulizi imefika wapi. Anaiangalia tu karatasi. Sasa mtu huyo unamfukuzaje?"

Mchoro wa nne ulipelekwa Jumapili moja mchana, sebuleni kwa mama mkubwa, na ukoo wote ukajaa. Nesi alikuwa ameinama juu ya shangazi… la, mama mkubwa. Hata mwandishi amechanganyikiwa na ndugu hawa. Alikuwa anamtia matone ya dawa, uso kwa uso, karibu shubiri moja. Wengine wakaanza. Mwalimu akasema pua. Fundi bomba akasema nyamaza wewe, ulikuwa mdogo. Mwalimu akajibu, kwa neno alilokuwa amelibeba miaka mingi:

"Afadhali mdogo kuliko aliyemfua mama kwa brashi."

Sebule ikapata moto. Nesi hakupaza sauti. Aligeuza shingo kidogo tu, akawatazama kaka na dada zake: unyusi mmoja juu, macho nusu, mdomo umebetuliwa upande. Ndipo mkono wa mama mkubwa ukamdaka kidevu.

"Usisogee! Hapo hapo. Usisogee, mwanangu. Mama yako ndivyo alivyokuwa anatuangalia."

Bi Mkaa anasema hajui alipopata karatasi. Alichorea nyuma ya bahasha ya hospitali. Kila aliyekuwa hai alikuwa anamkumbuka marehemu ametulia kitini kama kwenye picha, na marehemu hakuwahi kutulia. Alikuwa na watoto watano, na walikuwa wanamchosha.

Nesi alikuwa akiambiwa tangu utotoni kwamba amefanana na baba yao, basi. Kuhusu ule uso, aliambiwa aukunjue.

"Wagonjwa wamenilalamikia mara tatu kwamba ninanuna," aliniambia, akijipangusa kwa upindo wa sare. "Nilipelekwa semina ya siku mbili nikafundishwe kutabasamu. Siku mbili, dada yangu! Kumbe walikuwa wananifundisha nimwache mama yangu." Akacheka, halafu akashindwa kuendelea kucheka.

Ungedhani yameisha. Wapi! Fundi bomba akasema mama hawezi kukaa ukutani amenuna, wageni watasemaje. Bi Mkaa akamjibu kwamba wageni waambiwe ndiye aliyekuzaa. Fundi akaomba basi hereni zibaki. Hereni zilikataliwa. Juu ya hayo yote, mama mkubwa akasema macho ni yake, unyusi ni wake, lakini taya la nesi ni la baba yake, lile la mama lilikuwa la mtu anayekata uzi kwa meno. Siku tisa Bi Mkaa amezunguka na daftari akitafuta mwanamke aliyechoshwa kwa namna hiyo hasa, mpaka asubuhi ya leo, mwenye ndoo ya kijani.

Saa tisa alasiri tumefika kwa mama mkubwa. Pazia limefungwa pembeni, na ajuza amekaa penye mwanga. Watoto watano wamesimama nyuma ya kiti kama wanaosubiri matokeo ya mtihani. Fundi bomba amevaa shati jeupe. Mikono yake haijui iende wapi.

Bi Mkaa anampa karatasi na kurudi nyuma. Hafafanui, hatetei. Ametazama chini.

Mama mkubwa anaileta karibu mpaka inagusa pua. Jicho lake haliwezi kumeza uso mzima, kwa hiyo anaupitia kipande kwa kipande. Anakaa sana kwenye unyusi. Anashuka kwenye jicho, anarudi kwenye unyusi, anashuka tena mpaka mdomoni, mpaka kwenye taya. Fundi bomba anafungua kinywa aseme kitu, mwalimu anamfinya.

Kisha mama mkubwa anasema, kwa sauti isiyomlenga mtu yeyote aliyemo chumbani humu:

"Sasa mbona unaniangalia hivyo? Si uliniambia nisiwatenganishe? Sikuwatenganisha. Hawa hapa wote watano. Waulize wenyewe."

Nesi alipiga magoti kando ya kiti, akaweka shavu lake karibu na karatasi ili naye aone kutokea pale lilipo jicho la ajuza. Fundi bomba alitoka uani, akasimama ametupa mgongo, na kwa mara ya kwanza mwalimu alimfuata bila neno la kumchoma.

Njiani kurudi, Bi Mkaa hakuonekana kama mtu aliyeshinda. Alilalamika kuhusu jua, kuhusu viatu vyake, kuhusu muda wa miezi minne ambao angechora sura kumi na sita za watu wanaojua wanachotaka. Nilimuuliza ana mpango gani sasa. Akasimama katikati ya njia.

"Jumamosi narudi kumchora yule mama mkubwa, angali anaweza kujiona. Watu wanangoja mtu afe, ndipo wanakimbia kwangu na kipande cha karatasi, mama, mama, tusaidie! Huyu yupo. Amewalea watano, na nimepekua nyumba nzima sijaona picha yake hata moja ukutani. Nimeshamwambia akae palepale penye mwanga, asijipambe, asijipangepange." Akaanza kutembea tena, kwa kasi. "Na wale watoto wake nimewaomba, kwa heshima zote, siku hiyo wakae kwao."