Alisema Maji

Kiharusi kilichukua upande wa kulia wa mume wangu pamoja na maneno yake mengi. Alibakiwa na machache, na hayo nayo yalitoka kwa shida. Kaka yake, anayelima pamba kule Guta, alikuja kututazama, akaniita nje. "Shemeji, huyu mambo ya boti yameshamwacha. Tuiuze tu, mnunuzi yupo Bunda." Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Nikamjibu kwamba siku nitakapoona ndugu yake haijui tena injini ya boti ile, nitaiuza boti mwenyewe, na mpaka siku hiyo asinisumbue.

Boti yetu ni ya tanga, na nyuma ina injini ndogo ya siku ambazo upepo wa ziwa umenuna. Huleta viazi na abiria Musoma kutoka ng'ambo ya ghuba. Miaka yote mume wangu aliitibu injini hiyo kwa masikio. "Ikikohoaga halafu inazima, hayo ni maji kwenye petroli," alinifundisha. "Ikingurumaga bila kwenda, pini ya pangaboi imekatika." Watu walimletea injini zao mpaka kutoka Mwisenge, naye alizisikiliza macho ameyafumba kabla hajagusa spana. Nilizionea wivu. Mimi mkewe sikuwahi kusikilizwa vile.

Asubuhi moja tulitoka ufukweni, mimi kwenye injini na baharia wetu mbele. Hatujafika mbali injini ikakohoa, ikazima. Nikavuta kamba. Ikawaka kidogo, ikakohoa, ikazima tena. Baharia akapandisha tanga, likaning'inia tu, upepo hakuna. Nikampigia simu wifi yangu, dada wa mume wangu, aliyekuwa akimwuguza nyumbani kwetu Nyasho. "Mwekee simu sikioni," nikamwambia. Nikavuta kamba, nikaisogeza simu karibu na injini, ikakohoa mpaka ikafa.

Kisha nikaisikia sauti yake, nzito lakini wazi: "Maji."

Niliruka, kidogo niipindue boti. "Umesikia?" nikampigia kelele baharia. "Amesema maji! Anajua!" Nikafungua kifuniko cha tangi, nikamimina petroli ya chini kwenye chupa nione kama maji yamejitenga. Sikuyaona, nikasema yamo, ni machache tu. Nikafunga, nikavuta kamba, injini ikawaka vizuri. Palepale nikampigia shemeji kule Guta, nikamtambia kwamba ndugu yake bado anaijua injini. Sikumbuki lini nilikuwa na furaha kama ile.

Katikati ya ghuba ikazima tena. Safari hii baharia ndiye aliyeinama kwenye tangi. Lilikuwa limebonyea ubavuni. "Mama, hii skrubu ya hewa umeifunga," akasema. "Tangi likikosaga hewa, petroli haiendi. Ulivyofungua kifuniko likapumua kidogo, ndiyo maana iliwaka." Kweli, niliifunga mwenyewe tulipokuwa tunalibeba tangi asubuhi. Akailegeza, na injini haikutusumbua tena hadi ng'ambo. Nilijipa moyo kwamba hata fundi mzima anaweza kukosea, tena kwa simu.

Jioni nilimkuta wifi uani anakunja nguo. "Wifi, leo kaka alikuwa na kiu kweli," akasema. "Ulivyopiga ile simu alikuwa anaangalia ndoo tu. Nilivyokata nikampa kikombe, akamaliza, akataka kingine."

Niliingia ndani, nikakaa kitandani kando ya mume wangu, nikaushika mkono wake ulio mzima. Mkono ule sasa ulikuwa laini, umesahau oili.

"Baba," nikamwuliza, "ile injini leo ilikuwa na nini?"

Akaniangalia kwa upole, kama mgeni aliyeulizwa njia. Midomo ikahangaika.

"Maji," akasema.

Nilitaka sana kumsadiki. Nilikaa pale nikimtazama usoni, nikitafuta. Halafu nikaenda kuchota kikombe, nikamshikia. Akanywa chote bila kupumzika. Nikamfuta kidevu huku nalia mbele yake, nimeshindwa kujificha, naye akanipigapiga mkono kunibembeleza bila kujua nalilia nini. Alipolala nikatoka uani, nikampigia shemeji, nikamwambia amlete mtu wake wa Bunda.