Spika ya Kushoto

Thadeus Mwambingu ni fundi wa redio za magari pale Voi tangu enzi za kaseti. Kibanda chake cha mabati kiko nyuma ya kituo cha mafuta, na magari mengi yanayoletwa kwake yana shida moja. Yametoka Japani, na redio yaliyokuja nayo haipandi kupita tisini kwenye FM, kwa hivyo stesheni nyingi za Kenya haizishiki. Thadeus hufungua dashibodi, huunganisha nyuma ya redio kidude cha kushusha masafa ambacho mafundi hukiita ekspanda, kisha hurudisha kila kitu mahali pake. Baada ya hapo hufunga vioo, huketi kwenye kiti cha dereva na kupeleka sauti mlango hadi mlango, akisikiliza spika moja moja kama inakwaruza au kama besi yake inatetemesha plastiki. Hapo ndipo anapoipenda kazi yake.

Siku hiyo alikuwa na gari la mwalimu Tryphena, mama wa makamo anayefundisha shule moja ya kule Werugha, ambaye alikuwa ameliacha na kwenda sokoni. Spika ya kulia ilikuwa safi. Alipopeleka sauti kushoto ikafifia, kama mtu anayeongea akiwa amejifunika blanketi.

Akafungua mlango wa kushoto, akaitoa spika, akaikagua. Haikuwa na kasoro. Akaihamishia kulia, na ile ya kulia akaileta kushoto. Kushoto kukabaki kufifia. Basi ni waya, akajiambia. Akapima waya, nazo zilikuwa nzima. Mwishowe akasukuma balansi, ile inayogawa sauti kati ya milango, upande wa kushoto mpaka akaona pande zote zimelingana, ingawa moyo haukuridhika.

Bisibisi yake ilikuwa imeangukia kiti cha nyuma. Akapiga magoti juu ya kiti cha dereva, akageukia nyuma kuichukua, redio ikiendelea kuimba. Sauti ikahama. Mlango uliokuwa umefifia sasa ulikuwa unalia kwa nguvu, na ule mzuri ndio umefifia. Akageuka mbele, ikarudi kama mwanzo. Akageuka tena nyuma. Akafanya hivyo mara kadhaa, na kila mara ubovu ulimfuata yeye. Ulikuwa kwenye sikio lake la kushoto, popote alipoelekea.

Akazima redio, akabaki ameshika usukani. Kitu cha kwanza kilichomjia akilini ni jirani yake aliyeamka siku moja mdomo umepinda na mkono umekufa. Akajiangalia kwenye kioo, akatabasamu kuona kama midomo inalingana. Akanyanyua mikono yote miwili. Ilinyanyuka. Hofu haikupungua.

Mwalimu Tryphena aliporudi, Thadeus alimfungulia mlango wa dereva.

"Mwalimu, hebu sikiliza. Uniambie unavyoisikia."

Mwalimu aliketi, mkoba mapajani. "Ni nzuri sana, fundi. Ila imelalia huku kwa abiria. Ama ndivyo inavyotakiwa?"

"Hapana. Ngoja nirekebishe." Akarudisha balansi katikati.

"Sasa iko sawa," mwalimu akasema. "Unaumwa? Hata bei hujaniambia."

"Ni njaa tu, mwalimu."

Alifunga kibanda mapema. Pale kwenye barabara kuu alisubiri magari yapungue, akaanza kuvuka. Alikuwa ameshapita katikati aliposikia honi. Kwake ilitokea kulia, akatazama kulia, akakuta barabara tupu. Lori lilikuwa linamjia kutoka kushoto. Hakuliona ila pale upepo wake ulipompiga usoni, na dereva mmoja wa bodaboda aliyekuwa anavuka kwa miguu nyuma yake akamvuta shati hadi akaanguka kwenye mstari wa katikati.

"Mzee, hukusikia?" yule kijana akamuuliza. "Amekupigia honi tangu kule."

Thadeus aliinuka, akamalizia kuvuka akiwa amemshika mkono.

Mkewe, Penina, hushona sare za shule nyumbani kwao mtaa wa Sofia. Jioni hiyo, akiwa kwenye cherehani, alimwongelesha kutoka upande wa kushoto, na Thadeus aliendelea kula.

"Baba Shanice, nakuuliza kitu."

"Nimekusikia."

"Nimeuliza nini?"

Akaweka kijiko chini. Alikuwa amepanga kunyamaza, lakini akajikuta anasema yote: spika, lori, na mvumo ulioko sikioni, kama redio iliyo katikati ya stesheni mbili.

"Nikikosa sikio, mimi ni fundi wa nini?" akauliza.

Penina alizima cherehani. "Kesho asubuhi tunaenda hospitali, mimi na wewe."

"Wakisema halitapona?"

"Watakuwa wamesema. Sasa hivi hatujui."

Hospitalini walipokelewa na daktari kijana, Linet Katuku. Alimkagua uso na mikono, akamwambia hii haikuonekana kuwa kiharusi. Thadeus akashusha pumzi. Kisha daktari akagonga chuma chenye meno mawili, kikalia, akakisimamisha katikati ya paji la uso wake.

"Unakisikia upande gani?"

"Kulia."

Daktari akarudia. "Upande gani?"

"Kulia tu."

Daktari akakiweka chuma mezani. "Ingekuwa ni nta imeziba sikio, ungekisikia zaidi kushoto," akasema. "Hii iko ndani, kwenye mshipa wa kusikia. Nitakupa dawa na nitakuandikia kipimo kingine. Kuna wanaopona kabisa, kuna wanaopona kidogo, na kuna wasiopona. Umefanya vizuri kuja haraka."

Akaanza vidonge. Vilimfukuzia usingizi, akawa analala macho wazi akihesabu vitu ambavyo hangeweza tena kuvifanya. Kila alfajiri alisugua vidole karibu na sikio la kushoto na hakusikia kitu. Alianza kuichukia alfajiri.

Halafu asubuhi moja vidole vilitoa sauti, ndogo, kama majani makavu ya mahindi. Alivisugua tena na tena. Akamwamsha Penina, akamwonyesha vidole.

Sikio halikurudi lote. Sauti nyembamba, kama za ndege au za matoazi kwenye wimbo, bado hazimfikii upande huo, na daktari amemwambia huenda zisimfikie tena. Akivuka barabara, Thadeus anatazama huku na huku kama mtoto, hata kukiwa hakuna gari.

Wiki iliyopita mchungaji mmoja wa ng'ombe, Derrick, alileta pikapu kutoka Kishushe, spika zimejaa vumbi la njia ile mbovu. Thadeus alizisafisha, akafunga ekspanda, kisha akamwita.

"Sikio langu moja halisikii vizuri," akamwambia. Hakuwa amewahi kumwambia mteja yeyote. "Keti hapa kwa dereva. Mimi nitageuza balansi, wewe utaniambia."

Derrick alimtazama. Thadeus alingoja aseme atatafuta fundi mwingine.

"Sawa," Derrick akasema, akapanda. "Lakini mimi huendesha na kioo wazi. Tukijaribu, tukiwache hivyo."

Thadeus akazunguka, akaingia upande wa abiria, sikio lake zima likiwa upande wa Derrick, na kuwasha redio.