Moto ndani ya ntumba

Juzi asubuhi, baridi ya Sumbawanga ikiwa imetukaba, nilipita shule moja ya msingi kule Izia nikakuta darasa la tatu limechutama bustanini. Kila mtoto alikuwa amezamisha mkono ndani ya ntumba, yale matuta ya duara ambayo sisi Wafipa hufukia majani mabichi ndani yake yaoze yawe mbolea.

Mama mmoja aliyemleta binti yake alikunja mikono kifuani.

"Mwalimu, nimemleta asome. Kulima nitamfundisha mwenyewe."

"Karibu, mama," mwalimu akasema. "Hebu na wewe ingiza mkono."

Nilitegemea ugomvi. Binti, aliyekwisha kuchutama na wenzake, akamsogezea mama yake nafasi.

"Mama, kuna joto! Nani kawasha moto humu?"

Mama akapiga goti, akaingiza mkono. Akaingiza na wa pili.

"Kuna vijidudu visivyoonekana vinakula majani," mwalimu akaeleza. "Ndivyo vinavyoleta joto."

"Nimefukia majani tangu utoto," mama akasema polepole, "sijawahi kurudi kuangalia yanafanya nini."

Nami nikachutama. Kengele ikalia, watoto wakakimbilia uji. Sisi wakubwa tukabaki pale, mikono udongoni, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuutoa mkono wake.