Notisi Niliyoitoa Nimefumba Macho

Kwenye kibanda cha chapati kule Nchiru, karibu na chuo, nilikofanya kazi likizo ile, hakuna aliyewahi kuacha kazi vizuri. Watu walitoroka tu. Na Mama, mwenye kibanda, hakuwa mtu wa kupeleka kesi polisi. Yeye alishtaki juu. Kila asubuhi kabla ya kuwasha jiko tulisimama sisi watatu, yeye, mpishi na mimi, tukafumba macho. Akishaombea wateja na bei ya unga, alifika kwa waliotoroka.

"Na yule wa Ruiri, Bwana, aliyeenda na aproni yetu, mguse. Usimuumize sana. Mguse tu tumbo."

"Amina!" mpishi aliitikia, kwa nguvu ya mtu asiye na mpango wa kwenda popote.

Sasa shule ilikuwa karibu kufunguliwa nami naingia muhula wa mwisho wa kidato cha tatu. Nilitaka tumbo langu libaki salama, na nafasi yangu iningoje hadi Desemba. Kwetu Githongo, likizo ya Desemba ni kuchuma kahawa ya baba, na baba hulipa kwa shukrani.

Shida ni kwamba Mama alikuwa haambiliki.

"Mama, nilikuwa nataka kusema..."

"Sema ukimenya," akanisukumia karai la viazi.

Nikamenya. Mchana nikajaribu tena, wanafunzi wa chuo wakiwa wamejaa wakiitisha chapo madondo, yaani chapati kwa maharagwe. Akasema kama nina nafasi ya kuongea, basi nina nafasi ya kuosha vikombe.

Kulikuwa na wakati mmoja tu ambao Mama hakatizi mtu. Nikamwambia mpishi kesho naomba mimi.

"Wewe?" akacheka. "Wewe hata chakula unaombea ukishameza!"

Asubuhi nikafumba macho, nikajikaza.

"Baba, asante kwa huyu Mama aliyetulea kama watoto wake, isipokuwa kwa upande wa maziwa kwenye chai. Na sasa, Bwana, shule inafunguliwa Jumatatu na mtumishi wako lazima aende. Mpe Mama moyo mwepesi. Na umkumbushe Desemba haiko mbali."

Nikangoja Amina, lakini mpishi hakuthubutu. Nikachungulia kwa jicho moja, nikakutana na jicho moja la Mama.

Akalifumba haraka, akadakia pale nilipoachia. "Ndio, Baba. Na wewe unaona vile huyu kijana anataka kuniachia viazi wikendi, watu wakiwa wengi."

"Lakini Bwana," nikasema, "anaweza kubaki hadi Jumamosi jioni."

"Na atafute mtu, Bwana. Mtu wa kusukuma chapati za duara, si kama zake zinazofanana na ramani ya Kenya."

"Basi mguse binamu wa mtumishi wako, Baba. Ako tu nyumbani."

"Amguse tumbo?" akauliza mpishi, ambaye alikuwa ameshapotea.

"Moyo!" tukamjibu pamoja.

Nje mwanafunzi akagonga mabati. "Mathe, mnafungua ama ni kesha?"

"Na huyo mpe subira, Bwana," akasema Mama. "Amina."

Akafumbua macho, akanitazama kama vile hakuna kilichosemwa, akanituma maji.

Binamu alikuja, na chapati zake zilikuwa duara kabisa, jambo ambalo sikulipenda. Jumamosi jioni tulipomaliza kuosha sufuria, Mama akatusimamisha tena kando ya jiko.

"Bwana, mtoto huyu anaenda. Amevunja vikombe, lakini alijisema mwenyewe. Hajatoroka. Mfungue akili kwa hesabu. Na Desemba nafasi yake iko, mradi aje akiwa amenyoa hizo nywele."

Nilifurahi hadi nikajisahau. "Nitanyoa, Mama!"

"Wewe nyamaza," akasema bila kufumbua macho. "Sijaongea na wewe."