Viroba Vitatu vya Mchanga

Nilipoanza kazi ya kuvusha magari, tuliambiana kwamba gari la spoti likipita spidi mia na ishirini linaiacha lami. Moja, walisema, lilipaa Vwawa likatua Nakonde, dereva akajikuta Zambia bila pasipoti kugongwa muhuri. Vijana mtacheka. Mimi niliamini kama ninavyoamini ubatizo wangu.

Siku ya kwanza Mkuu wa Msafara, mtu wa maneno machache na kofia pana kuliko mwavuli, alinikabidhi saluni ya milango minne. Kazi yetu ilikuwa kuyatoa magari bandarini Dar es Salaam na kuyafikisha Tunduma yakitembea yenyewe, moja nyuma ya jingine, bila kupitana.

"Saluni ni mama wa watoto sita," aliniambia. "Ukimbebesha, ndipo anatulia. Jifunzie humo."

Ilikuwa kweli. Weka watu watano na mizigo yao, springi zinakaa chini, gari linakwenda kwa adabu kama kwaya inayoingia kanisani. Nimeendesha saluni mpaka mashimo ya Igawa yakanijua kwa jina.

Gari la spoti ni kitu kingine. Milango miwili, na unakaa chini kiasi kwamba kuku wa Mlowo wanakutazama usoni. Wanaume wanne wa Mbozi wangelibeba kama jeneza. Ukigusa usukani, limeshageuka. Ukigusa breki, limeshasimama. Wepesi ule mimi niliuona ugonjwa.

Baadaye nilipandishwa kuwa msaidizi wa Mkuu, nikakagua magari kila msafara ulipotoka Mbeya kwa kipande cha mwisho. Asubuhi moja ya mvua, gari la spoti alipangiwa Nzunda, mume wa dada yangu. Nikatafuta viroba vitatu, nikavijaza mchanga, nikavishindilia kwenye buti.

"Shemeji, unanihamisha nyumba?"

"Nakufunga chini. Dada yangu hakuolewa na mtu wa angani."

"Mbona pua ya gari inatazama mawingu?"

"Si ndiyo maana nimekufunga? Washa, twende."

Akacheka, akawasha.

Kwenye kona ya kuteremka mlima Senjele nilikuwa nyuma yake na saluni yangu. Taa zake za breki ziliwaka. Matairi ya mbele niliyaona yamegeukia kona, lakini gari lenyewe likanyooka moja kwa moja hadi korongoni. Saluni yangu ilisimama taratibu, kama haina habari. Tulimtoa Nzunda akiwa hai. Mguu wa kulia ulibaki hospitali.

Mkuu aliandika kwenye ripoti: mwendo kasi. Nzunda akaachishwa kazi. Nilijua hakuzidi hamsini, maana nilimfuata, lakini nilinyamaza. Moyoni nilikuwa na maelezo yangu: upepo wa Senjele umelinyanyua. Nikaenda kitandani kwake nikasema, "Shemeji, nisamehe. Ningeweka vinne." Akageukia ukutani.

Nikawa mkaguzi wa yadi Tunduma. Nikasoma masomo ya jioni, nikapata cheti cha kidato cha nne nikiwa na wajukuu; alama yangu ya fizikia mwalimu aliisoma kwa sauti ya msibani. Nikastaafu. Lile gari niliendelea kulirusha angani kila nilipopata wasikilizaji, na kila mwaka lilipaa juu zaidi.

Msimu huu tulikuwa uani kwa Nzunda, tunachambua kahawa, nami nikaanza tena kuwasimulia wajukuu wetu. Nzunda akalaza fimbo yake chini.

"Shemeji, halikupaa. Gari jepesi linageuka kwa sababu matairi ya mbele yanakanyaga barabara. Mchanga wako ulikaa nyuma kabisa, ukayapunguzia uzito ya mbele. Saluni ingestahimili, imeundwa kubeba. Lile halikuundwa hivyo."

"Ulijua lini?"

"Kwenye ile kona."

"Mbona hukusema miaka yote hii?"

"Nilingoja uniulize." Akarudi kwenye kahawa yake. "Lingekwenda tupu, ningefika Tunduma."