Kabla ya hakimu, Mama Kunigunda anawapeleka shambani

Saa moja na nusu asubuhi, ukungu haujaondoka kwenye mlima wa Kitura, na watu watatu wanaupanda bila kusemezana. Mbele yuko Wendelin, fundi pikipiki wa Mbinga mjini. Nyuma yuko Edina, mke wake kwa miaka kumi na saba, ambaye sasa anahesabu siku aache kuwa mke wake. Katikati anahema mama wa miaka 63 mwenye buti za mpira, daftari lake amelizungushia kipande cha mfuko wa mbolea lisilowane.

"Nakaa katikati kwa makusudi," anasema Kunigunda Hyera. "Nikiwaacha waongozane, kesi itamalizwa kwa mawe kabla hatujafika."

Huu ni mwaka wake wa kumi na nne katika baraza la usuluhishi la kata. Wenzake husuluhisha wakiwa wamekaa kwenye benchi. Yeye akishaona benchi limeshindwa, huwaambia wagomvi wavae viatu vya shamba. Posho ni shilingi elfu tano kwa kikao, ikipatikana. Kinachomlisha hasa ni mibuni mia nne na maharage.

Wendelin na Edina wamekwisha kukaa barazani mara tatu. Kurudiana kumeshindikana, na Mama Kunigunda, kama anavyoitwa na kila mtu hapa, hawalazimishi.

"Sikuja kuwarudisha kitanda kimoja," anasema. "Na talaka hutolewa na mahakama, haitolewi na mama mwenye buti. Ninachotaka mimi, waende kwa hakimu na karatasi moja waliyokubaliana, si kila mtu na jeshi lake la mashahidi. Heri nusu shari kuliko shari kamili."

Shari yenyewe iko mbele yao, ekari moja na nusu ya mteremko mkali. Ni shamba la ngoro, yale mashimo ya mraba ambayo Wamatengo wamelimia milima hii tangu enzi za mababu. Mwanamume hufyeka nyasi na kuzilaza kwa miraba. Mwanamke huchimba katikati ya kila mraba na kuzifukia nyasi kwa udongo. Mvua ikija, maji hutuama shimoni na mlima hubaki mahali pake.

Kazi hiyo hurudiwa kila baada ya miaka miwili, na mwaka huu ndiyo zamu. Februari inaisha, nyasi zimefika kifuani, na hakuna aliyeshika nyengo, ule mundu wa kufyekea. Wiki mbili zikipita hivi, maharage ya watoto watatu hayapo.

Wendelin anasema shamba ni la babu yake. Edina ameapa kuiomba mahakama ilifunge, mtu yeyote asiliguse mpaka kesi iishe.

Neno hilo la kufunga shamba ndilo lililomkosesha Mama Kunigunda raha wiki nzima. Analijua tangu mwaka 1973, alipokuwa na miaka kumi na mmoja na wazazi wake wakaachana.

Kabla ya hapo, anasema, hakuna mahali duniani palipokuwa patamu kama shamba lao siku za kutengeneza ngoro. Baba alikuwa akifyeka huku anapiga mluzi, nyimbo za kanisani lakini kwa mwendo wa ngoma, na mama akimkemea kwamba padre atasikia. Mchana walikaa wote ukingoni wakala maharage mabichi yaliyochemshwa na chumvi tu, kutoka chungu kimoja. Kaka yake, Egidi, alikuwa akimwibia ya kwake na kumrudishia maganda.

"Mpaka leo nikisikia harufu ya nyasi zilizokatwa, natafuta ule mluzi," anasema, na kwa muda anaacha kupanda.

Kesi ilichukua miaka minne, na shamba likafungwa miaka yote minne. Watu hupenda kuilaumu mahakama, lakini yeye hakubali. "Walioichelewesha ni wazee wangu. Huyu akileta shahidi, yule analeta wawili. Walishuhudia hadi watu ambao hata mlima wetu hawakuujua."

Nyasi hazikukatwa, ngoro zikajaa, kingo zikabomoka. Masika ya mwaka wa tatu yakaushusha udongo wote bondeni. Hukumu ilipotoka, ilitoka kwa haki kabisa, nusu kwa nusu, na kila mmoja akapata nusu yake ya mawe.

Egidi alibaki mlimani na baba. Kunigunda alikwenda na mama kwao Lipingo, ziwani, akajifunza kuanika dagaa na kusema Kinyasa. Kwa miaka saba kaka na dada hawakuonana. Na kila Februari, mama alikuwa akisimama njiani kuwauliza watu walioshuka kutoka Umatengo kuuza maharage, "Lile shamba letu limelimwa?" Waliomwonea huruma walisema hawakupita huko.

Ndiyo maana Kunigunda alipoolewa huku juu na baadaye kuchaguliwa barazani, aliingia na moto. Kosa lake la kwanza analisimulia mwenyewe, bila kuulizwa. Alilipima kwa kamba shamba la ngoro la wanandoa, akaligawa juu na chini, akarudi nyumbani akijiona mfalme Suleimani. Mume, aliyepewa juu, akasusa kulima. Maji yakashuka kutoka kwake, yakazoa ngoro zote za mama wa chini.

"Ile kamba niliichoma," anasema. "Yule mama bado nampitia kila mwezi na fungu la dagaa. Hanidai kitu, lakini napita."

Wamefika. Mama Kunigunda anampa Wendelin jembe na kumwonyesha ukingo wa ngoro moja ya zamani, iliyokwisha kuzama.

"Pasua hapo, mwanangu."

Wendelin anapasua. Ndani, nyasi za miaka miwili iliyopita zimeoza, zimekuwa nyeusi na kushikana na udongo.

"Hizi nyasi alizilaza nani?"

"Mimi, mama."

"Na udongo huu juu yake?"

Kwa miezi minane, barazani, amekuwa akimwita mkewe "huyu". Sasa anasema polepole, "Mama Benadetha."

Benadetha ni binti yao wa kwanza, yuko kidato cha pili.

"Haya basi," anasema mama. "Toa nyasi zako uende nazo, huyu mwenzio umwachie udongo wake."

Anayecheka kwanza ni Edina. Anacheka hadi anakaa chini kwenye majani mabichi, kisha kicheko kinageuka kilio, na Wendelin anasimama na jembe lake asijue la kufanya.

"Sikuwa nataka kumkomoa," anasema Edina anapojifuta uso kwa kanga. "Nilitaka mtu aseme kwamba nilikuwepo hapa."

"Ulikuwepo," anasema Wendelin.

Hawarudiani, na asitokee wa kudhani hivyo. Lakini ukingoni mwa shamba, kufika saa nne, daftari limepata kurasa mbili. Jumamosi Wendelin atafyeka na ndugu zake, na nyasi zikikauka Edina atafukia na wenzake wa jumuiya. Shamba la ngoro halitagawanywa, litabaki la watoto. Kahawa yao ya bondeni ni ya Edina, ya juu ni ya Wendelin. Watoto watakaa na mama, likizo waende kwa baba.

Wote wawili wanatia saini, kisha Mama Kunigunda anawakumbusha kwamba hakimu atauliza maswali yake na ana haki ya kuyauliza. "Wapiganapo tembo nyasi huumia," anawaambia. "Sisi huku nyasi zikiumia, watoto wanalala njaa."

"Shikamoo, mama," anasema Wendelin anapoaga. Asubuhi walipokutana alikuwa amenuna, hakuamkia.

"Marahaba. Ilikuwa wapi siku zote?"

Akishuka, Mama Kunigunda anaeleza mpango wake, na huu haumo kwenye daftari. Egidi sasa ana miaka 66. Miaka minane iliyopita aliwafukuza mbuzi kwenye lile shamba la wazazi wao, akalizungushia miti, akaliacha lipumzike. Mwezi uliopita alimpigia simu dada yake, akasema maneno mawili tu: "Nyasi zimeota."

Ijumaa ijayo Egidi atafyeka kipande cha chini, mahali penye udongo kidogo. Yeye atafukia. Hata zikipatikana ngoro kumi, anasema, zinatosha.

Kwa nini wajitaabishe, wazee wawili, kwa ngoro kumi?

Mama Kunigunda anakung'uta udongo kwenye buti zake.

"Mama alifia mikononi mwangu kule Lipingo, Februari. Kabla hajakata roho aliniuliza tena kama shamba limelimwa. Nikamwambia, limelimwa, mama, lote." Anafunga daftari kwenye kipande chake cha mfuko. "Nataka Ijumaa nikayatimize yale maneno."