Mikono ya Kushoto ya Darasa la Sita

Siku ya kwanza kazini, Mwalimu Mkuu wa shule moja ya Lipangalala, hapa Ifakara, alinikabidhi boksi la chaki na vipindi vya Kiingereza vya darasa la sita. Nikamwambia mimi nimebobea kwenye Jiografia. Akacheka. "Kijana, Kiingereza si ulifaulu? Basi ingia darasani."

Nikaingia. Kazi yetu ilianzia kwenye andalio la somo, karatasi ya kuonyesha utafundisha nini na utajuaje kama watoto wameelewa. Maandalio yangu yalisifiwa kwa usafi. Ila nikifika kwenye nyakati timilifu, zile za "have" na "has", niliandika mifano mitano ubaoni, darasa likaimba, tukasonga mbele. "I ate" na "I have eaten" zinatofautianaje? Sikujua. Nikahamishiwa Chita, kisha Kidatu, nikarudi Ifakara, ujinga wangu nikiusafirisha kote huko.

Aliyekuja kuniuliza tofauti hiyo, huko Ifakara, ni Minza wa darasa la sita, binti wa wafugaji wa Kisukuma. "Mwalimu, sasa nitumie ipi, na wakati gani?" Nikamwambia ujuaji wake aupeleke kwa ng'ombe, nikamhamishia dawati la nyuma. Naona haya hata kuliandika.

Wiki hiyohiyo akaja Mkaguzi wa Shule. Walimu tulikuwa na ujanja wetu: mgeni akiwepo, darasa zima linanyoosha mikono, anayejua wa kulia, asiyejua wa kushoto. Mwalimu anachagua wa kulia, mgeni anafurahi. Siku hiyo Mkaguzi akauliza tofauti ya "I ate" na "I have eaten", kisha akaniambia, "Niachie, nitachagua mimi." Akamnyooshea kidole Minza, aliyeinua wa kushoto kama nilivyomwagiza.

Minza akasimama. Akaniangalia. Neno lake moja lingenivua nguo.

"Mwalimu alitufundisha," akasema. "Mimi nimesahau."

"Sasa kiherehere cha kunyoosha mkono cha nini?" Mkaguzi akamuuliza. Darasa likaangua kicheko. Na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka nao. Ripoti ikasema somo limeeleweka. Minza hakunyoosha tena mkono wowote.

Nilikuja kulielewa somo lenyewe nikikaribia kustaafu, kwenye semina, kwa mwalimu wa umri wa mwanangu. Jambo limetokea na bado linagusa sasa, kama mtu aliyekula na bado ameshiba, tumia "have". Ukitaja jana au juzi, iache. Dakika kumi zilitosha. Nilitoka nje nikajifanya napokea simu.

Juzi nilikutana na Minza sokoni, mama mtu mzima, na bintiye aliyevaa sare za shule.

"Shikamoo mwalimu! Wewe, msalimie babu. Huyu ndiye alinifundisha Kiingereza. Alifundisha vizuri sana, kichwa changu tu ndiyo kilikuwa kigumu."

Mtoto akaniamkia. Nilikuwa na nafasi ya kusema ukweli, mbele ya mtoto wake, mchana kweupe.

"Marahaba," nikajibu, nikauliza habari za mifugo.